Ventotene: Kisiwa cha Mapumziko Kilichokuwa Kifungo

Mjumbe wa chama cha wafanyakazi anaposafiri nchi za nje, kwa kawaida huona uwanja wa ndege, ukumbi wa mkutano na chumba cha kulala. Akirudi nyumbani watu humwuliza, "Ulaya ikoje?" naye hana la kusema ila kwamba kuna baridi. Safari hii tulibahatika kuona zaidi ya hayo, ndiyo maana tunawaandikia.

Semina yetu mjini Roma ilikwisha siku ya Alhamisi, na ndege yetu ilikuwa Jumapili usiku. Tulikuwa wajumbe wanne: wawili wa reli, mmoja wa mashamba ya chai na mmoja wa hoteli. Wenyeji wetu walituuliza kama tungependa kupelekwa madukani. Ndugu yetu wa mashamba ya chai akajibu kwa niaba yetu sote kwamba kutembelea maduka bila fedha ni adhabu, afadhali bahari. Ndipo mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya chuma kwa miaka mingi, alipoinuka na kusema kuwa yeye atatupeleka Ventotene. Alisema huko kuna bahari, na kuna jambo ambalo mfanyakazi anapaswa kuliona.

Tulipanda garimoshi asubuhi hadi mji wa Formia, ulio pwani kati ya Roma na Napoli, kisha tukaingia katika meli ya abiria kwa mwendo wa saa mbili hivi. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya karai. Kisiwa kilipoonekana, tulidhani ni mwamba tu uliosahauliwa baharini. Kwa kweli ni kidogo mno. Urefu wake haufiki kilometa tatu, na mahali papana zaidi hapafiki kilometa moja. Wenyeji walioandikishwa ni kama 700, na wakati wa baridi wengi wao huhamia bara. Mtu aliyetoka na chai yake mkononi upande mmoja anaweza kufika upande wa pili haijapoa.

Meli haikuwa imefunga kamba, na tayari tulikuwa na la kushangaa. Kando ya bandari mpya iko bandari ya kale, nayo haikujengwa, ilichongwa. Kisiwa hiki ni cha volkano, na mwamba wake ni laini kiasi cha kukatwa kwa sururu. Katika zama za Kaisari Augusto, yule yule tunayemsoma katika Injili ya Luka, Warumi walichimba ndani ya mwamba huo bandari nzima, pamoja na nguzo za kufungia merikebu na vyumba vya kuwekea mizigo. Wataalamu hukadiria kuwa mawe yaliyoondolewa yalikuwa meta za ujazo zipatazo 60,000. Sururu baada ya sururu! Mpaka leo, baada ya miaka 2,000, mashua za wavuvi zinalala humo zikiwa salama. Majina ya wakubwa walioagiza kazi hiyo yamo vitabuni, bali ya waliochimba hayako popote. Ndugu zetu wa reli walisimama hapo muda mrefu, wakiigusa alama ya chuma ukutani kama mafundi wanavyofanya.

Kutoka bandarini barabara inapanda kwa kupindapinda hadi kijijini. Nyumba zimepakwa rangi ya manjano na ya waridi, milango iko wazi, na magari ni ya kuhesabu. Kuna kanisa la Santa Candida, kuna uwanja, na kuna ngome ya zamani ambayo sasa ni ofisi ya mji na nyumba ya makumbusho. Ukimya wake si wa kawaida kwa mtu aliyezoea mjini. Tulisikia ndege wa baharini, tukasikia mtu akiosha sufuria, basi.

Pwani za kuogea ni mbili zinazojulikana. Cala Nave ina mchanga mweusi wa volkano na maji meupe kama kioo, na Cala Rossano iko karibu na bandari. Tuliona kamba na vibao vya kukataza watu kukaa chini ya majabali, tukauliza sababu. Mwaka 2010 wanafunzi wawili wa kike kutoka Roma, waliokuja kutembea na shule yao, waliangukiwa na jabali pale Cala Rossano wakafa. Mwamba ule ule uliokuwa rahisi kuchongwa ni rahisi kubomoka. Kesi yake ilifika mahakamani. Ndugu wa mashamba ya chai alisema kibao kingekuwapo kabla ya maiti, si baada, na hakuna aliyembishia.

Tulioga. Maji yalikuwa ya baridi kuliko tulivyotazamia, lakini tulioga, na tunakiri kwamba tulifurahi kama watoto. Baadaye, tukiwa tumekaa juani, Mzee alianza kutueleza kwa nini kisiwa hiki ni kimya.

Alianza mbali. Mwaka 2 kabla ya Kristo, Augusto alimfukuza Roma binti yake wa pekee, Julia, kwa madai ya uzinzi, akamfungia hapa. Alikatazwa mvinyo, na hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumwona bila idhini ya baba yake. Mama yake, Scribonia, alimfuata kwa hiari yake. Magofu ya jumba alilokaa yako kaskazini ya kisiwa, mahali paitwapo Punta Eolo: vyumba, mabafu, na bahari pande zote. Tulitembea humo jioni. Baada ya Julia aliletwa Agrippina, mjukuu wa Augusto, naye alikufa kwa njaa mwaka 33 katika enzi ya Tiberio. Mwaka 62 Nero alimleta mkewe Octavia, msichana wa miaka ishirini hivi, akaamuru auawe. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa desturi ya kumfungia kisiwani anayekuchukiza ilianza juzi.

Kisiwa hakina chemchemi. Warumi walikusanya maji ya mvua katika mabirika makubwa yaliyochimbwa chini ya ardhi, na mojawapo linaitwa Birika la Wafungwa. Sababu ni kwamba katika karne ya 18, wafalme wa Napoli walipotaka kuweka wakazi wapya hapa, walileta wafungwa kujenga mji, na wafungwa hao walilazwa ndani ya birika. Kanisa zuri, uwanja, ile barabara ya kupindapinda, yote ni jasho lao.

Mkabala na Ventotene, kama kilometa mbili, kuna kisiwa kidogo zaidi, Santo Stefano. Juu yake limekaa gereza lililofunguliwa mwaka 1795. Limejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi, vyumba 99 vikitazama ndani, ili askari mmoja akisimama katikati awaone wote bila wao kuiona bahari. Hebu fikiria, ndugu msomaji: kufungwa kisiwani, kusikia mawimbi usiku na mchana, na usiione bahari hata mara moja! Gereza hilo lilifungwa mwaka 1965. Mwaka 2016 serikali ya Italia ilitenga euro milioni 70 kulitengeneza. Sisi tulilizunguka kwa mashua tu.

Humo ndimo alimofia mfumaji wa hariri, Gaetano Bresci. Mwezi Mei 1898 wafanyakazi wa Milano waliandamana kwa sababu ya bei ya mkate, na Jenerali Bava Beccaris akawapiga kwa mizinga. Mfalme Umberto I akampa nishani. Bresci, ambaye alikuwa amehamia Marekani kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Paterson, alirudi Italia, na mwezi Julai 1900 akamwua mfalme kwa bastola. Alikutwa amekufa katika chumba chake gerezani mwezi Mei 1901. Mauaji si njia yetu, na Mzee pia alisema hivyo. Lakini alisema vilevile kuwa mtu asiulize habari za bastola ya Monza bila kuuliza kwanza habari za mizinga ya Milano.

Sasa tufike kwenye shina la habari. Mussolini aliposhika Italia, wafashisti walivivunja vyama huru vya wafanyakazi. Ofisi zilichomwa moto, viongozi walipigwa, mgomo ukawa kosa la jinai. Mwaka 1926 ilitungwa sheria iliyoruhusu mtu kupelekwa uhamishoni bila kushitakiwa mahakamani. Ilitosha polisi waseme kuwa ni mtu wa hatari. Visiwa vikajaa: Ustica, Lipari, Ponza, na hasa Ventotene, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1940 waliwekwa watu wapatao 800, wakilindwa na mamia ya polisi na wanamgambo. Walilala katika mabweni, waliitwa majina, na jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Mipaka ya kutembea ilikuwa imewekwa. Kuzungumza siasa ilikuwa marufuku.

Serikali ilimpa kila mmoja lira 5 kwa siku, ajilishe mwenyewe. Fedha hiyo haikutosha mtu peke yake. Kwa hiyo walifanya kile ambacho mfanyakazi hufanya: waliichanga. Waliunda meza za chakula, kila kundi na meza yake, wakomunisti, wasoshalisti, wanarkisti na wengineo. Walipika kwa zamu, wakawa na maktaba ya pamoja. Waliokuwa wamesoma walifundisha waliokuwa hawakusoma, kwa siri. Mwingine alifuga kuku, mwingine alitengeneza saa. Tulipoambiwa habari ya zile lira 5 zilizochangwa, ndugu yetu wa hoteli alichomoa daftari lake akaandika, na jioni ile alitusimulia jinsi tawi lake lilivyoanza: wapishi sita na sanduku la bati.

Katika wafungwa hao alikuwamo Giuseppe Di Vittorio. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Cerignola, kusini mwa Italia, mtoto wa kibarua wa mashamba. Baba yake alikufa kutokana na kazi, na yeye akaacha shule akiwa mtoto mdogo akaingia shambani. Alijisomesha mwenyewe. Akawa kiongozi wa vibarua, akawa mbunge, akakimbilia uhamishoni, akapigana Hispania. Mwaka 1941 Wajerumani walimkamata Paris wakamtoa kwa serikali yake, naye akaletwa Ventotene. Alikuwako Sandro Pertini, aliyewahi kufungwa pia Santo Stefano, na ambaye mwaka 1978 alichaguliwa kuwa Rais wa Italia. Alikuwako mwalimu Camilla Ravera. Mwaka 1982 Pertini, akiwa Rais, alimteua kuwa seneta wa maisha, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo. Na alikuwako Umberto Terracini, mmoja wa waliotia sahihi Katiba ya Italia mwaka 1947, ile ambayo kifungu chake cha kwanza kinasema kuwa jamhuri hiyo imejengwa juu ya kazi.

Watalii wengi hawaji kwa ajili ya hao. Huja kwa ajili ya Altiero Spinelli na Ernesto Rossi, ambao mwaka 1941, wakijadiliana na Eugenio Colorni, waliandika hapa Ilani ya Ventotene wakidai Ulaya iungane baada ya vita. Wanawake wawili, Ursula Hirschmann na Ada Rossi, waliokuwa na ruhusa ya kuwatembelea waume zao, ndio walioipeleka bara kwa siri. Huko kisiwani husimulia kuwa ilifichwa ndani ya kuku. Mwaka 2016 wakuu wa Italia, Ujerumani na Ufaransa walikuja kuweka maua juu ya kaburi la Spinelli lililoko hapa. Mwaka 2025 waziri mkuu wa Italia aliisoma ilani hiyo bungeni ili kuikosoa, pakawa na ghasia. Karatasi ya wafungwa inaweza kuwasumbua wakubwa miaka 84 baadaye!

Hapa tunaomba kusema jambo letu wenyewe. Sisi wa upande huu wa Ziwa Viktoria hatukuhitaji kuelezwa sana. Makhan Singh, aliyeanzisha pamoja na Fred Kubai shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki mwaka 1949, aliwekwa kizuizini na Waingereza tangu 1950 hadi 1961 huko kaskazini ya Kenya, bila hatia ya jinai. Na ndani ya ziwa letu visiwa vya Mageta na Saiyusi viligeuzwa kambi za wafungwa wakati wa Mau Mau. Tulimweleza Mzee habari hizo, yeye hakuwa amezisikia. Naye akatueleza moja iliyotufurahisha kuliko zote.

Tarehe 25 Julai 1943 Mussolini aliangushwa. Siku tatu baadaye meli ya kivita ilimleta mpaka Ventotene, akafungiwe hapo. Afisa akashuka kukagua. Alikuta kikosi cha Wajerumani, na kijiji kimejaa watu ambao Mussolini mwenyewe alikuwa amewafunga. Wakaona hapafai, meli ikaendelea hadi Ponza, kisiwa jirani. Na huko dikteta aliwekwa katika nyumba aliyokuwa amefungiwa Ras Imru, yule ambaye Haile Selassie alimwachia serikali ya Ethiopia mwaka 1936. Ndugu wa mashamba ya chai alicheka mpaka akatokwa na machozi, akamtaka Mzee aisimulie tena tangu mwanzo.

Wafungwa walianza kuachiwa mwezi Agosti 1943. Wote hawakupata uhuru: wanarkisti na Wayugoslavia wengi walihamishiwa kambi nyingine huko bara. Di Vittorio alitoka, na mwezi Juni 1944 alikuwa mmoja wa watatu waliotia sahihi Mapatano ya Roma, yaliyounda upya shirikisho moja la wafanyakazi, wakomunisti, wasoshalisti na Wakristo pamoja. Bruno Buozzi, kiongozi wa wafanyakazi wa chuma aliyeyaandaa mapatano hayo, hakuyaona. Wajerumani walimwua tarehe 4 Juni wakiikimbia Roma. Mzee alipofika hapo alinyamaza kidogo, kwa kuwa ni chama chake. Umoja wenyewe ulidumu miaka minne, mwaka 1948 ukaanza kuvunjika, na hadi leo Italia ina mashirikisho matatu makubwa. Haifai kuficha jambo hili. Watu waliokula pamoja kwa lira 5 hawakuweza kukaa pamoja walipokuwa huru.

Tulikuwa turudi Jumamosi asubuhi. Usiku upepo ulivuma, na alfajiri tukaambiwa meli haiji. Wenyeji hawakushangaa, kwao ni kawaida. Sisi tulihesabu saa za ndege yetu kwa hofu. "Sasa mmefungwa," alisema Mzee.

Siku hiyo tulikaa katika nyumba ya wageni, tukala dengu ndogo zinazolimwa hapo kisiwani. Ni tamu, hazihitaji nyama. Aliyetuhudumia alikuwa msichana mgeni kama sisi, kutoka nchi nyingine. Alikuwa ametuwekea kifungua kinywa asubuhi, na saa nne usiku alikuwa bado anakusanya sahani. Ndugu yetu wa hoteli aliona, kama fundi anavyoona ukuta uliopinda. Akamwuliza kwa msaada wa Mzee: unapumzika siku gani? Msichana akasema msimu ni miezi michache, kupumzika ni wakati wa baridi. Saa za ziada je? Akacheka. Ana hati ya kazi? Anayo, imeandikwa saa nne kwa siku.

Tukanyamaza. Mita mia mbili kutoka mezani petu ndipo waliposimama wale mabweni, na tulikuwa tumeutwa wenyewe kutwa nzima tukipumzika kwa jasho lake. Mapumziko yenye malipo tuliyapigania sote, wa hapa na wa kwetu, lakini mapumziko ya mfanyakazi mmoja hutandikwa na mfanyakazi mwingine. Je, mlikwisha kufikiri hivyo mnapokwenda Entebbe au Mombasa siku ya sikukuu? Sisi hatukuwa tumefikiri.

Mzee alimwambia kuna ofisi ya chama huko Formia. Msichana akasema Formia ni saa mbili za meli, na siku ya kwenda hana. Tena wafanyakazi wa nyumba hii ni watatu, ataunda chama na nani? Ndugu wa hoteli akamwonyesha vidole sita, akamweleza habari ya sanduku la bati. Sijui, hatujui, kama Mzee alitafsiri yote sawasawa, kwa sababu yalikuwa maneno mengi na yeye alitafsiri kwa machache. Msichana alisikiliza amesimama, kitambaa mkononi, kisha aliitwa jikoni.

Jumapili bahari ilitulia. Tulipokuwa tukishuka ile barabara ya kupindapinda na mizigo yetu, tulimkuta bandarini anapokea makasha ya mboga kutoka katika meli. Alimwuliza Mzee swali moja tu: ofisi ya Formia hufunguliwa saa ngapi, na kama kuna mtu anayepokea simu usiku. Mzee aliandika namba yake mwenyewe nyuma ya tiketi, akampa. Meli ikapiga honi, tukapanda.